Barua Tuliyompa Mgeni Rasmi

Mama mkwe wangu ndiye aliyesema twende kwenye jumba la kumbukumbu. Mimi nisingewaza. Kwa miezi saba nilikuwa nimekwenda kila mahali anapokwenda mtu aliyepotelewa na mume, na sikuwa nimebakisha mlango wa kubisha. Yeye akasema umebaki mmoja.

Ilikuwa Jumapili. Alikuwa ametoka kanisani, ameketi kwenye kiti cha jikoni katika fleti yetu ya Ganjoni, hata viatu hajavua.

“Tumealikwa kuimba,” akaniambia. “Kwaya yetu ya akina mama. Ile siku ya kumkumbuka Mzee. Na mgeni rasmi atoka Nairobi, mkubwa kabisa, si hawa wa hapa. Kila mwaka akisha kuweka shada huja kuwasalimu wanakwaya kwa mkono, mmoja mmoja.”

“Sasa akikusalimu, Mama?”

“Nitampa barua.”

Nikaendelea kukuna nazi. Barua nilikuwa nimeziandika hadi nimezichoka. Nilimwandikia kamanda, nikamwandikia mbunge, nikaandikia tume ya haki za binadamu, nikaandikia gazeti. Kuandika barua ndiyo kazi yangu. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakala wa forodha, na kutwa nzima ninaandikia watu nikiulizia mizigo iliyokwama. Mizigo hupatikana.

Huyo Mzee sitamtaja jina. Aliyesoma shule katika nchi hii amejibu maswali ya mtihani juu yake. Kabla hajashika madaraka aliwahi kuwekwa kizuizini bila kesi, na jumba la kumbukumbu yake liko ukingoni mwa Mji wa Kale, jengo la mawe lililokuwa ofisi ya serikali, ambako yasemekana alifichwa kwa muda kabla ya kupelekwa bara. Nimezaliwa kisiwani humu, nimekulia humu, na nilikuwa sijawahi kuingia. Nilikuwa nikipita nje tu, naona bendera, naona askari amekaa kwenye kivuli, nakwenda zangu.

Mama mkwe alikuwa na lake na Mzee. Yeye ni mtu wa Rabai. Alipokuwa mtoto, Mzee alikwenda kwao kuhutubia, na yeye alikuwa miongoni mwa wasichana waliomwimbia. Mzee aliinama akamuuliza, “Wewe mtoto wa nani?” Basi ni hilo tu. Lakini alilihadithia maisha yake yote, na mume wangu alikuwa akimtania kwamba siku moja Mzee atafufuka aje kusikia jibu. Tangu mwanawe achukuliwe, hadithi hiyo ilikuwa imebadilika kidogo. Sasa alikuwa akisema, “Yule angekuwa hai, ningemwendea. Yule alijua kufungiwa.”

Mume wangu alikuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia makontena katika yadi moja ya watu binafsi. Mwaka jana kibarua mmoja alibanwa pale akafa, na wenziwe wakakataa kurudi kazini mpaka waelezwe ilivyokuwa. Wakamchagua mume wangu awasemee, kwa sababu hana hasira na kwa sababu akianza sentensi huimaliza. Aliwasemea mara tatu. Jumanne iliyofuata, baada ya alasiri, alipita sokoni Marikiti kuninunulia ndimu. Mama anayeuza ndimu ananijua, na ndiye aliyeniambia. Alisema walikuja wanaume wawili, wakamshika mume wangu viwiko, mmoja huku na mmoja huku, wakicheka naye kama watu wanaojuana. Gari lilikuwa jeupe, halina namba. Yeye hakupiga kelele. Alisema tu, “Ngojeni kidogo,” akamrudishia yule mama ndimu zake zisimwagike. Kisha wakaondoka.

Kituoni ofisa wa kwanza aliniuliza kama tuligombana. Wa pili akaniuliza kama nina hakika hana mke mwingine Malindi. Wa tatu akaandika maelezo yangu, akanipa namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, kwenye kipande cha karatasi na kuniambia nisikipoteze, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na tabia ya kupoteza. Hospitali nilizunguka wodi zote za wanaume. Mochari mhudumu alinizoea, ikawa akiniona langoni anatikisa kichwa kwa mbali ili nisihangaike kuingia. Mawakili wa kutetea haki walitupokea vizuri, wakalifikisha jambo mahakamani. Jaji akaamuru mtu huyo aletwe. Siku ya kuletwa, waliotakiwa kumleta walisimama wakasema hawanaye. Jaji akaandika kwamba hawanaye. Tulitoka nje tukasimama kwenye ngazi, na Mama akaniuliza, “Ndiyo imekwisha?”

Nilikwenda hata kwa mganga, mimi binti wa mzee wa kanisa, mtu wa bara aliyeletwa Mombasa na kazi ya reli na aliyekufa akiamini kwamba waganga ni watu wa kuombewa. Mganga akaniambia mume wangu yu hai, na yuko karibu na maji. Nilitoka pale nikiwa na furaha mpaka nilipofika barabarani. Mombasa ni kisiwa. Nani hapa asiyekuwa karibu na maji?

Kwa hiyo Mama aliposema jumba la kumbukumbu, sikubishana. Sikuwa na matumaini, lakini pia sikuwa na nguvu za kukataa.

Siku kumi kabla ya sherehe alitaka tukaangalie mahali penyewe. “Nataka kujua nitasimama wapi,” alisema, “na yeye atapita wapi.” Alivaa vizuri kama anayekwenda kuposa. Tulipanda tuktuk, nikamwambia dereva azunguke, asipite Marikiti. Akanitazama kwenye kioo, akazunguka. Tuliteremka Biashara Street tukaingia Mji wa Kale kwa miguu, Mama mbele, mimi nyuma nikimshikia mwavuli.

Aliyetupokea alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenyeji wa mitaa hiyo hiyo, amevaa buibui na kitambulisho kimening’inia shingoni. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni.

“Karibuni, mamangu. Starehe. Mwatoka wapi?”

“Hapa hapa Ganjoni,” Mama akasema. “Twataka kuona yote.”

Akatuonyesha yote. Fimbo ya Mzee, miwani yake, redio yake, koti lake lililovaliwa na sanamu isiyo na kichwa. Picha zilijaa ukuta mzima: Mzee akihutubia, Mzee akipanda mti, Mzee akishikana mikono na watu ambao nao walikwisha kufa. Mama aliipitia kila picha akiisogelea kabisa. Alikuwa akitafuta Rabai. Haikuwepo, wala hakuuliza.

Chumba cha pili ndicho kilichonigusa mimi. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na barua za mke wa Mzee, alizoandika zamani zile mumewe alipochukuliwa na yeye hajui amepelekwa wapi. Zilipangwa kwa mfuatano. Ya kwanza ilikuwa safi, imeandikwa kwa adabu zote, anamwamkia mkubwa, anamtakia afya yeye na jamaa yake, kisha ndipo anauliza. Ya pili salamu zilikuwa zimepungua. Ya nne alikuwa amekata maneno kwa kalamu akaandika juu yake. Ya mwisho haikuwa na salamu wala heshima yoyote. Ilikuwa mistari mitatu: nipeni, nionyesheni, au niambieni. Pembeni waliweka majibu ya serikali, yamepigwa chapa, mafupi, yote yakisema kitu kimoja, kwamba barua yake imepokelewa.

Nilikuwa na majibu kama hayo mkobani mwangu wakati uleule. Manne. Nilihisi haya kupanda mpaka masikioni, kana kwamba mtu amefungua mkoba wangu mbele za watu. Nilimwuliza yule mwongozaji, “Alikaa muda gani kabla ya kujua aliko?”

“Miezi mitano.”

“Sisi huu wa saba,” Mama akasema kwa nyuma.

Mwongozaji akatugeukia. Hakuuliza nani. Nadhani watu wa mji huu siku hizi wanajua kutouliza. Akasema tu, “Mola awafanyie wepesi,” akatutangulia kwenda chumba cha mwisho.

Chumba cha mwisho ndicho alichofungiwa Mzee. Wamekiacha kama kilivyokuwa, au wamekirudisha hivyo, sijui. Kina kitanda cha chuma, godoro la usumba wa nazi, blanketi la kijivu lililokunjwa, ndoo na dirisha la nondo lililo juu usipofikia mkono. Mlangoni wamefunga kamba nyekundu. Mama akasimama pale kwenye kamba.

“Akilishwa nini?”

“Sima na maharagwe, wasema.”

“Mara ngapi kwa siku?”

“Hilo halikuandikwa, mamangu.”

“Na dirisha hili lilikuwepo?”

“Lilikuwepo.”

“Basi akisikia adhana.”

“Akisikia. Na honi za meli.”

Mama akavua viatu. Nilidhani vinambana. Akaviweka pamoja ukutani, akainua kamba, akapita chini yake kama anayepita chini ya uzi wa kuanikia nguo, akaenda akaketi kitandani. Kitanda kikalia. Kisha akajilaza ubavu, uso umeelekea ukutani, magoti ameyakunja.

“Mamangu!” yule mwongozaji akasema. “Haifai. Hairuhusiwi. Nitafukuzwa kazi mimi.”

“Kidogo tu,” Mama akasema, kichwa hakukigeuza. “Nataka kujua kama mtu aweza kulala.”

Mwongozaji akanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu kusema kitu, kuingia, kumshika mkono, kumtoa. Sikuweza. Nilikuwa naangalia nyayo za miguu yake, jinsi alivyoiweka mmoja juu ya mwingine, kwa sababu mume wangu hulala vivyo hivyo.

“Ni mwanawe,” nikasema. “Walimchukua. Hatujui yuko wapi.”

Yule mwanamke akaondoka, akaenda akasimama kwenye mlango wa ukumbi ametupa mgongo. Wakaja wageni wawili, mume na mke, na nikamsikia akiwaambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chumba cha ndani kinafagiliwa, waanze na picha. Mpaka leo sijui jina lake, na kama ningelijua nisingeliandika hapa.

Mama alilala pale labda dakika kumi. Hakulia. Alipoinuka alilinyoosha godoro, akapangusa kwa leso yake pale alipokuwa ameweka miguu, akatoka chini ya kamba, akavaa viatu. “Kitanda si kibaya,” akaniambia. “Mtu akiwa na kitanda, aweza.”

Tulipofika nje, kwenye jua, ndipo alipoushika ukuta.

“Mwanangu ana mgongo,” alisema. “Tangu mdogo. Hawezi kulala chini yule. Nani atawaambia?”

Nilimshika mpaka alipoweza kutembea.

Jioni hiyo tuliandika barua. Kabla ya hapo nilikwisha kuandika rasimu moja, ya kikarani, yenye kichwa cha habari kimepigiwa mstari na aya zenye namba. Nikaichana. Nikamwambia Mama aseme, mimi niandike. Alisema mambo mengi, kuhusu watoto wake wengine watatu aliowazika, kuhusu miaka aliyopika katika shule moja hapa Ganjoni, masufuria ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake, ili huyu mmoja asome. Niliandika kurasa tatu. Kisha akaniambia nimsomee. Nikamsomea.

“Ni ndefu,” akasema. “Yule mkubwa hatasoma. Fanya fupi kama ya yule mwanamke.”

Ikabaki jina la mume wangu kamili, namba ya kitambulisho, siku aliyochukuliwa na mahali, na namba yangu ya simu. Chini yake Mama akanitaka niandike kwamba ana maumivu ya mgongo na hawezi kulala sakafuni. Niliandika. Nimeandika maelfu ya barua maishani, na hiyo ndiyo pekee ambayo sikuona aibu kuitia sahihi.

Mimi si mwanakwaya. Mama aliniazimia sare ya mwenzao aliyekuwa amelazwa, gauni la buluu lenye kola nyeupe, na siku ya sherehe nikasimama safu ya pili nikiwa nimeshika jalada la nyimbo nisizozijua. Mwalimu wa kwaya, mzee mmoja aliyestaafu ualimu, alipita akitukagua. Akanifikia mimi akasimama.

“Dada, wewe sauti ya ngapi?”

“Ya pili, Mwalimu.”

Akamtazama Mama. Kwaya nzima ilijua habari zetu. Walikuwa wamefunga na kuomba kwa ajili yetu. Akarekebisha kola yangu, iliyokuwa imekunjika. “Basi wewe fungua mdomo tu,” akasema, “sauti usitoe.”

Askari walikuwa wengi. Walitupekua mikoba, wakatupitisha kwenye ile mashine inayolia, wakatoa pini kwenye nywele za mama mmoja. Barua ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha Mama, nao hawakufungua vitabu vya nyimbo. Tulisimama juani tangu saa mbili. Mgeni rasmi alifika karibu saa tano, ving’ora vikamtangulia, watu wakasimama. Mtu mrefu, mwenye sura ya upole. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na ile sura ikanichanganya.

Alisoma hotuba. Alisema Mzee aliteswa ili sisi tusiteswe. Alisema mateso ya familia ya Mzee hayatasahaulika kamwe, na kwamba taifa lisilokumbuka waliofungwa bila haki haliwezi kuitwa taifa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye shingo ya Mama, mbele yangu, nikaona mishipa inavyopiga. Baadaye akaweka shada. Tukanyamaza dakika moja kwa ajili ya Mzee. Katika dakika hiyo nilisikia kunguru, na honi ya meli bandarini, na nikawaza kwamba mume wangu naye huenda anaisikia honi hiyohiyo wakati huohuo. Nikaomba, sina haya kusema, nikamwomba Mzee mwenyewe, mtu aliyekufa, kama watu wanavyoomba kwenye makaburi.

Kisha tukaimba. Nilifungua mdomo.

Mgeni rasmi akaja kutusalimu, kama Mama alivyosema. Alianza mwisho wa kulia. Alikuwa akishika mkono, anasema “Asanteni, mmeimba vizuri,” anahamia mwingine. Alipomfikia Mama akampa mkono, na Mama akaushika kwa mikono miwili asiuachie.

“Baba,” akamwambia. Mtu yule alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. “Mwanangu alichukuliwa Marikiti mchana kweupe. Sijui alipo.”

“Pole sana, Mama.”

“Sikutaka pole. Wewe umesema sasa hivi hapa, mtu asifungwe bila haki. Nimekusikia. Basi nionyeshe mwanangu. Kama amekosa, nionyeshe alikofungwa nimpelekee chakula. Kama amekufa, nipe nimzike. Mimi nimechoka, Baba. Siombi kingine.”

Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, ya heshima, bado amemshika. Walinzi wawili walikuwa wamekwisha kusogea. Mgeni rasmi akawainulia mkono mwingine, wakasimama. Uso wake ulibadilika. Nitasema kweli: nilimwona anaumia. Kwa muda wa pumzi moja au mbili alikuwa mtu tu amesimama mbele ya mama mzee.

“Tutafuatilia, Mama,” akasema. “Nakuahidi. Una maandishi?”

Mama akafungua kitabu cha nyimbo, akatoa bahasha. Mgeni rasmi hakuigusa. Msaidizi wake, kijana wa suti aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyenyoosha mkono akaipokea, akaitia kwenye jalada pamoja na ratiba ya sherehe na karatasi za hotuba. Mgeni rasmi akahamia kwa mama aliyefuata. “Asanteni, mmeimba vizuri.”

Hakuna aliyetufukuza. Nilikuwa nimewaza watatuburuta, watatupeleka kituoni, na moyoni nilikuwa nataka hivyo, angalau nikaone ndani ya kituo kuna nani. Walitupa soda na keki kama wanakwaya wengine. Mama alikula keki yake yote. Alikuwa amechangamka kama sijamwona tangu siku ile. “Ameahidi,” aliwaambia wenzake. “Mmemsikia. Ameahidi kwa kinywa chake.” Na wote wakasema ndiyo, tumemsikia.

Siku ya sita simu yangu ililia nikiwa kazini. Sauti ya mwanamke, ya Nairobi, ya adabu. Alitaka kuhakikisha jina la tatu la mume wangu linavyoandikwa. Nikamtajia herufi moja moja. Akasema asante. Nikamwuliza, “Amepatikana?” Akasema yeye kazi yake ni kuhakikisha jina tu.

Nilikosea kumwambia Mama. Aliposikia wameuliza jina, alianza kusafisha nyumba. Alifua mapazia. Alizitoa nguo za mwanawe kabatini akazianika zitoke harufu ya kufungiwa, akazipiga pasi, akazirudisha. Kila nilipotoka kazini alikuwa amepika chakula cha watu watatu. Mimi pia, sitajitoa. Nilikwenda kusuka nywele.

Majibu yalifika wiki ya tatu, kwa posta, ofisini kwangu. Karatasi nzuri, nzito, yenye nembo. Yalisema kwamba barua yetu imepokelewa, na kwamba imepelekwa kwa ofisi inayohusika ili ishughulikiwe. Chini wakaitaja hiyo ofisi inayohusika. Ilikuwa ni kile kituo nilikopewa namba ya OB.

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye veranda ya ofisi. Mwenzangu akaniuliza kama ni habari njema. Nikaingia chooni nikafunga mlango, nikauma kola ya blauzi yangu ili wasinisikie.

Mama nilimwambia jioni. Alikuwa anachambua mchele. Akachambua mpaka ukaisha, akauweka kando. “Kwa hiyo yule alinishika mkono bure,” akasema. Siku iliyofuata hakuamka. Hakuwa mgonjwa, lakini hakuamka, na ikawa hivyo wiki nzima, na wenzake wa kwaya wakawa wanakuja kukaa naye kwa zamu ili mimi niende kazini. Mwalimu wa kwaya alikuja pia. Alikaa kwenye kochi, kofia magotini, mpaka giza lilipoingia, na nilimshukuru kwa hilo.

Sasa ni mwezi wa kumi na tano. Mwezi uliopita tulipigiwa simu na mhudumu wa mochari, yuleyule aliyekuwa akinitikisia kichwa. Alisema ameletwa mwanamume, aliokotwa nje ya kisiwa, hana kitambulisho, na urefu na umri ni kama nilivyomweleza. Alisema, “Safari hii njoo, dadangu.”

Nilitaka kwenda peke yangu. Mama alikuwa amekwisha kuvaa.

Alipofunuliwa, sikuweza kuutambua ule uso, na nadhani hakuna ambaye angeutambua. Lakini Mama hakuangalia uso. Alikwenda moja kwa moja miguuni. Akaishika ile miguu kwa mikono yake bila glovu, akavitazama vidole kimoja kimoja.

“Si yeye,” akasema.

“Una hakika, Mama?” mhudumu akauliza.

“Miguu hii sikuizaa mimi.”

Tukatoka kwenye baraza. Mama akasema, “Tumshukuru Mungu.” Kisha akaketi kwenye sakafu pale pale, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kulia siku zote hizo, na mimi nikalia naye, na nilijua tunalilia nini. Tulikuwa tumetaka awe yeye. Njia nzima tangu Ganjoni nilikuwa nimemwombea mume wangu awe amekufa. Sikuwahi kumwambia mtu hilo, lakini Mama hakuhitaji kuambiwa.

Akafungua mfuko wake akatoa shuka nyeupe, mpya, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani.

“Nilidhani leo tutarudi naye,” akasema.

Nilimwambia tuirudishe nyumbani. Akakataa. Aliinuka, akajipangusa uso, akarudi ndani, nami nikamfuata. Akampa mhudumu ile shuka.

“Mfunike huyu,” akamwambia. “Vizuri, mpaka miguuni. Ana mamake mahali, naye amtafuta.”

Mhudumu akaitikia. Mama akasimama pale mpaka alipoona amefunikwa sawasawa, akarekebisha upande mmoja uliokuwa umeinuka, halafu tukaenda zetu nyumbani.